Mzigo wa Kipupwe: Ushauri kwa Anayetoka Mtinko kwa Baiskeli

Mtu anayejiandaa kwa safari ya siku kadhaa kwa baiskeli msimu wa baridi huanza kwa kuwaza atavaa nini akiwa barabarani anakanyaga. Namwomba ageuze swali. Mwili unaokanyaga baiskeli yenye mzigo hujipasha wenyewe, na hata Julai, upepo ukiwa umechachamaa, utatokwa jasho kabla hujafika kilima cha pili. Baridi hukukuta ukisimama. Mbigili umetoboa tairi na umechuchumaa kando ya njia unatafuta tundu, huku fulana iliyolowa imegandamana na mgongo. Au jua limezama na bado hujui utalala wapi. Au ni alfajiri, unatoka kwenye blanketi na vidole havikubali kufungua fundo la mpira. Kila kitu utakachochagua, na kila mahali utakapokifunga kwenye baiskeli, kipime kwa saa hiyo ya kusimama.

Nawaandikia hasa wanaoondokea Mtinko, mkoani Singida, kwa sababu njia mbili zinazowavutia vijana wetu zinaanzia hapa na zote zinapanda. Moja inakwenda kaskazini kupitia Haydom hadi nyanda za juu za Mbulu. Nyingine inakwenda mashariki kuelekea Katesh, chini ya Mlima Hanang. Mvua za Singida huanza mnamo Novemba na kukoma Aprili. Kufikia Juni mavuno yamekusanywa, makorongo yamekauka, shule zinafungwa, na mtu anapata wiki moja ya kuiona nchi. Ndiyo maana safari hizi huangukia kipupwe, Juni hadi Agosti, wakati ambao njia ni nzuri na hewa ni kali.

Ukali huo uujue kwa kipimo. Singida mjini pako kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au karibu na hapo. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi 6 na nusu hivi. Ukilala kwenye mwinuko wa mita 2,000 katika nchi ya Mbulu, toa nyuzi 3. Ukiamua kuiacha baiskeli Katesh na kupanda Hanang wenye mita 3,417, toa nyuzi 12, na hapo unakaribia kiwango cha maji kuganda. Kumbuka pia kuwa kipimajoto hakihesabu upepo. Kuanzia Juni upepo wa kusini mashariki, ule ambao watu wa pwani huuita kusi, huvuka uwanda wetu ukiwa mkavu na bila kizuizi, na mkoa huu umetajwa kwa miaka mingi katika mipango ya kuzalisha umeme wa upepo. Ukienda kilomita 15 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20, kifua chako kinapigwa na hewa ya kilomita 35 kwa saa. Nyuzi 13 za namna hiyo si zile za ndani ya nyumba.

Anza na fulana, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea. Fulana ya pamba ni nzuri shambani na nzuri kwenye joto, lakini pamba hunywa jasho na kulishika. Ukisimama, upepo unalikausha jasho lile kwa kutumia joto la mwili wako. Vaa kitambaa kisichoshika maji, nacho kimejaa kila mnada: jezi ya mpira wa miguu. Ni nyepesi, hukauka haraka, na bei yake haimzuii mtu kununua mbili. Juu yake weka sweta la sufu. Kwenye marundo ya mitumba sweta la sufu na sweta la nailoni hufanana kabisa kwa macho, kwa hiyo mwombe muuzaji akuruhusu uchomoe uzi mdogo kwenye pindo uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayovunjika ukiyasugua; nyuzi za kiwandani huyeyuka na kuwa kijitone kigumu. Sufu hukupa joto hata ikiwa na unyevu, ndiyo maana nasisitiza utaabike kuitafuta.

Nguo ya tatu ni koti jepesi la kukata upepo. Kuna watu wanaonunua koti zito la ngozi wakidhani uzito ndio joto, kisha wanaloa jasho ndani yake kwenye kilima cha kwanza wanachokipanda. Koti la kukata upepo linatakiwa liwe jembamba kiasi cha kukunjwa likaingia mfuko wa suruali, na pana kiasi cha kupita juu ya sweta. Lipime hivi: liweke mdomoni ulipulize. Ukihisi pumzi yako inatokea upande wa pili, lirudishe. Zipu iwe ndefu, ili ukipanda uifungue hadi tumboni na ukiteremka uifunge hadi shingoni. Wakimbizaji baiskeli wa zamani wa Ulaya, kabla ya makoti haya mepesi, walikuwa wakiingiza gazeti kifuani chini ya jezi juu ya mlima, kabla ya kuanza kuteremka. Njia hiyo inafaa mpaka leo, na gazeti la jana halikosekani.

Halafu kuna nguo ambayo hutaivaa ukiwa unakanyaga hata mara moja, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ni lile jaketi nene la mitumba lililoshonwa kwa vigawanyo, linalojaa hewa na kufumuka ukilikung'uta. Likijazwa manyoya ya bata ni jepesi kuliko sweta na lina joto kuliko blanketi. Adui yake ni maji, na kipupwe chetu ni kikavu. Hili ni koti la kusimama. Livae dakika ile ile unaposhuka kwenye baiskeli, kabla hujahisi baridi. Joto ulilokwisha kulitengeneza kwa kukanyaga ni rahisi kulitunza. Ukilipoteza, kulirudisha kunataka chai, moto na muda. Mtu akisafiri na mwenzake wakumbushane hilo bila haya. "Vaa koti kaka" linatosha.

Kichwani weka kofia ya marvini, shingoni kitambaa cha kuzuia upepo na vumbi. Mikononi, kama hukupata glovu, soksi nene za zamani hufanya kazi vizuri kabisa kwenye usukani wa baiskeli isiyo na gia nyingi. Miguuni sina ugomvi na katambuga, kwani hazifi na hazishiki maji, lakini zivae pamoja na soksi, na jioni uwe na soksi nyingine ambazo hazikugusa vumbi la siku hiyo. Kwa dada zangu wanaosafiri na kitenge: vaeni suruali ndani na mfunge pindo la upande wa cheni kwa kipande cha mpira, maana kitenge kikishikwa na meno ya gurudumu mtaanguka kabla ya kujua sababu. Kanga mbili msiache nyumbani. Ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni shuka, ni kitambaa cha kubebea mkono ulioumia.

Weka seti moja ya nguo za kulalia, kavu, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Usikubali kuivaa barabarani kwa sababu yoyote.

Kuhusu malazi, Haydom na Mbulu kuna gesti, na sioni fahari ya kulala porini pale ambapo kuna kitanda. Lakini kati ya kituo na kituo giza linaweza kukukuta. Hapo jambo la kwanza ni heshima. Fika kijijini jua likiwa bado lipo, uliza ofisi ya kijiji au nyumba ya mwenyekiti, jitambulishe, toa kitambulisho chako, eleza unatoka wapi na unakwenda wapi. Mgeni aliyejitambulisha mapema huonyeshwa darasa, ukumbi wa kanisa au kibaraza. Yule aliyeonekana usiku na tochi nyuma ya zizi la ng'ombe huwaamsha watu na marungu. Panga siku zako ukijua kwamba Julai jua letu huchomoza mnamo saa 12:50 asubuhi na kuzama kama saa 12:40 jioni. Saa kumi na moja uwe umeshaacha kuhesabu kilomita na umeanza kutafuta pa kulala.

Ukilala sakafuni, ardhi itakunyang'anya joto zaidi kuliko hewa. Wengi hubeba mablanketi mawili na kujifunika yote, kisha wanashangaa mgongo kuuma asubuhi. Blanketi moja liende chini. Ubaya ni kwamba uzito wako hulibana, na kitu kilichobanwa hakishiki joto, kwa hiyo chini ya blanketi weka kitu kisichobanika sana: mkeka, na chini ya mkeka kiroba ulichokijaza nyasi kavu palepale. Kiroba kitupu hakina uzito na nyasi Julai ziko kila mahali. Omba ruhusa, jaza, lalia, asubuhi mwaga. Turubai dogo la kufunika mzigo mchana litazuia upepo usiku. Chandarua beba hata kama mbu wamepungua, kwani malaria haina likizo. Moto wa kuota porini siushauri. Kwenye nyasi kavu na upepo huu, cheche moja inamaliza malisho ya kijiji kizima, na wewe ndiye mgeni.

Sasa baiskeli yenyewe. Phoenix ya chuma ya inchi 28 ni nzito, kilo 20 au karibu, na haina gia, lakini imebeba nchi hii mgongoni na kila fundi anaijua. Baiskeli ya mtumba yenye gia itakusaidia sana kwenye vilima vya Mbulu. Ukiniuliza, nitachagua yenye gia kwa Mbulu na Phoenix kwa uwanda wa Singida, lakini juu ya yote hayo nitachagua baiskeli ambayo tairi lake linapatikana kwenye duka la kituo kinachofuata. Hapa kuna mtego ambao wauzaji wenyewe wengi hawaujui. Tairi la Phoenix na tairi la baiskeli nyingi za Ulaya yote huitwa inchi 28, lakini rimu ya kwanza ina kipenyo cha milimita 635 na ya pili 622. Tofauti ni milimita 13 tu, na tairi halitakaa. Inchi 26 ni hivyo hivyo: baiskeli ya milimani ni 559, ile ya mjini ya Kijapani yenye kikapu mara nyingi ni 590. Angalia ubavuni mwa tairi lako kuna tarakimu mbili zimetenganishwa kwa kistari, kwa mfano 40-635. Ile ya pili ndiyo inayoamua. Iandike kwenye karatasi, ubandike ndani ya mfuko wa vifaa, na ununue kwa tarakimu hiyo. Tyubu zina huruma zaidi kwa kuwa hunyumbuka, lakini angalia valvu: pampu uliyobeba iingie kwenye valvu uliyonayo, na ujaribu nyumbani.

Mbigili ndio utakaokusimamisha mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kipupwe ndio wakati wake, mimea imekauka na miiba imetapakaa kwenye vijia. Ongeza miiba ya migunga, ambayo hupenya hata soli ya raba. Wazee wa baiskeli huchana tyubu ya zamani kwa urefu na kuilaza kati ya tairi na tyubu mpya, na sijaona dawa iliyo rahisi zaidi kwa njia zetu. Beba tyubu moja nzima, viraka, solosheni, kipande cha msasa na vipande viwili vya chuma vya kutolea tairi. Ukitobolewa, weka tyubu nzima kwanza uondoke. Tyubu mbovu utaiziba jioni, umekaa, umevaa koti, kwenye mwanga. Kuziba tundu barabarani kwa vidole vilivyokufa ganzi, na vumbi likiingia kwenye solosheni, ni kutafuta kulirudia zoezi baada ya kilomita mbili. Kabla ya kurudisha tairi, pitisha vidole ndani polepole mzunguko mzima. Mwiba uliotoboa bado umo.

Mchangani punguza upepo wa matairi kidogo, na kama fremu yako inaruhusu tairi pana zaidi, funga pana. Baiskeli za matairi manene zinazotumika leo kwenye theluji zilizaliwa miaka ya 1980 kutokana na mawazo ya sehemu mbili, Alaska kwenye theluji na New Mexico kwenye mchanga wa jangwa, kwa sababu tatizo ni moja: ardhi laini inataka tairi likanyage kwa eneo kubwa.

Nikiwa nimeitaja Alaska, niseme neno juu ya matangazo. Huko kuna safari ya mashindano inayofuata njia ya Iditarod wakati wa majira ya baridi, wengine wakiishia McGrath baada ya maili 350, wachache wakiendelea hadi Nome kwa jumla ya maili 1,000. Vifaa vyao ni vya kumwokoa mtu kwenye nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri, na ndivyo kijana wetu anavyoviona kwenye simu anapotafuta vifaa vya baiskeli vya msimu wa baridi. Magunia ya kulalia ya aina hiyo yatakufanya uogelee kwenye jasho Mtinko. Lakini watu wale wanatii kanuni moja ambayo naichukua nzima: hawakubali kutokwa jasho. Wanavua kabla ya kupanda na kuvaa kabla ya kusimama. Hiyo hainunuliwi.

Tuje kwenye kufunga mzigo. Ukitaka mwalimu, nenda mnadani mapema umwangalie mchuuzi wa kuku anavyopanga matenga kwenye karia. Mzigo wake ni hai, unahama kila dakika, na njia ina mashimo, lakini hapotezi kuku. Tazama anavyoweka mti wa kupitisha chini ili tenga lisikalie upande mmoja, anavyopima kulia na kushoto kwa kuinua mwenyewe kwa mikono, anavyofunga kwa mipira ya tyubu iliyochanwa na si kwa kamba tupu. Kamba ya manila ikitikiswa hulegea. Mpira ukitikiswa hujivuta na kushika upya. Kila mpira anaukatiza kwenda upande wa pili, na ncha anaichomeka chini, isije ikaning'inia kwenye spoki.

Yeye hubeba cha kuuza, wewe unabeba cha kutumia, kwa hiyo mpangilio wako utatofautiana naye. Vizito viende chini na katikati. Pembetatu ya fremu ndiyo mahali pa maji na vifaa vya ufundi. Mwombe fundi viatu au fundi cherehani akushonee mfuko mwembamba wa turubai wa kuingia hapo. Apime na baiskeli ikiwepo, na apunguze unene, la sivyo magoti yatausugua siku nzima. Nyuma, kwenye karia, mifuko miwili ya pembeni ibebe chakula, nguo na viatu vya akiba, nayo isogezwe nyuma kiasi cha kisigino kutogonga. Juu ya karia liende furushi moja la malazi, limelazwa chini, limefungwa ndani ya kiroba juu ya plastiki, maana vumbi la Julai huingia kila penye tundu. Usirundike kwenda juu. Ukielekea Haydom upepo ule wa kusini mashariki utakupiga ubavuni, na mzigo mrefu hugeuka tanga. Utajikuta unapambana na usukani kila lori linapokupita. Ukielekea Katesh unaupokea usoni, na hapo mifuko iliyotanuka pembeni inakula nguvu ambazo ungezitumia kupanda.

Mbele, kwenye usukani, weka mfuko mdogo usiozidi kilo mbili au tatu, kwa sababu uzito mbele hufanya baiskeli igome kukata kona mchangani. Huo ndio mfuko wa kusimama. Ndani yake kuna jaketi lenye manyoya, marvini, glovu, tochi, karanga na chupa ndogo ya chai. Ufunguke kwa mkono mmoja, bila fundo. Chupa ya chai najua itaonekana ni anasa kwa mtu anayehesabu kila gramu. Mimi ningeacha sufuria, jiko na nusu ya nguo kabla ya kuiacha. Chai ya moto yenye sukari au asali, ikinywewa ndani ya dakika tano za kwanza baada ya kusimama, inafanya kazi ambayo koti la tatu haliifanyi.

Jiko lenyewe sishauri kwa njia hizi. Mama ntilie yuko kila kituo, na wali wake wa moto unamlisha yeye pia. Baina ya vituo kula karanga, kashata, ndizi, viazi vitamu vilivyochemshwa, na kula kidogo kidogo kabla ya njaa, kwa kuwa mwili usio na chakula haujipashi. Mzigo wote, ukiacha maji, ukizidi kilo 15 upitie upya.

Maji yanadanganya watu msimu huu. Baridi huondoa kiu lakini upepo mkavu unaendelea kukukausha. Kunywa kwa saa, si kwa hamu. Lita tatu nazihesabu kuwa kiwango cha chini kati ya vituo. Usiitazame ramani ukaona ziwa ukadhani umeona maji: Ziwa Singida ni la chumvi, na Balangida chini ya Hanang ni la magadi. Visima vingi Agosti huwa vimeshuka sana, na maji ya kisimani unayopewa yatibu kwa vidonge au uyachemshe.

Vifaa vya ufundi ni vichache: spana ya kufungua magurudumu, bisibisi, koleo dogo, kipande cha waya, viungo viwili vya cheni, mpira wa breki wa akiba, na spoki tatu au nne za urefu wako hasa, zilizofungwa kwa plasta kwenye fremu. Spoki hukatika nyuma, upande wa cheni, kwa sababu ndizo zinazovutwa zaidi, na mzigo wa karia huongeza. Kila asubuhi kabla ya kupanda, shika karia utikise, kisha kaza nati zote. Njia zenye mawimbi ya changarawe hulegeza nati bila sauti. Cheni ipanguse kwa kitambaa na uitie tone la mafuta ya cherehani. Najua tunaishi kwenye nchi ya alizeti na chupa iko jikoni, lakini mafuta ya kula yakipigwa na hewa huanza kunata na kushika vumbi hadi cheni inakuwa msasa. Alizeti ipelekee mboga. Midomo iliyopasuka na mapaja yaliyochubuka yanataka mafuta ya mgando.

Simu ilale nawe ndani ya blanketi, betri hudhoofika kwenye baridi. Beba noti ndogo ndogo, kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima kama unayo, na mwachie mtu wa nyumbani majina ya vituo utakavyolala. Njia ya kaskazini ina bahati ya kupita Haydom, ambako hospitali ya Kilutheri imekuwa ikihudumia tangu 1955; njia ya Mlima Hanang inakutaka uonane na ofisi ya hifadhi ya misitu na kupanda na mwongozaji.

Wiki moja kabla ya kuondoka, funga mzigo wote kama utakavyosafiri nao, uende hadi Ilongero, jirani na Mtinko, na kurudi. Kwenye kurudi, chagua sehemu isiyo na miti, jua likiwa linazama, usimame nusu saa. Toa gurudumu la nyuma, badilisha tyubu ingawa ni nzima, jaza upepo, rudisha. Vaa koti lako la kusimama, mimina chai, washa tochi, tafuta kitambulisho, tafuta plasta. Fanya yote bila kuharakisha na bila kuuliza. Kitu chochote kilichokulazimu ufungue furushi kubwa kihamie mbele usiku huo huo. Kitu chochote ambacho hukukigusa, na si dawa wala kiraka wala spoki, kitoe ukiweke kitandani ukitazame tena asubuhi ya safari.